Mama Aliyeona Sindano Mbili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimfunga mama yake mkanda wa kipimo cha presha mkononi, kisha akamsomea baba namba. Jina hilo la utani alipewa na baba kwa kuwa alipenda kuongea mno. Kazi ya kupima alipewa na mkunga wa zahanati.

Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, alikuwa mjamzito na presha yake ilikuwa imepanda. Mkunga alimwagiza ameze dawa bila kuruka, apumzike kwa kulalia ubavu wa kushoto, na cherehani ya miguu asiiguse kabisa. "Kichwa kikikuuma sana, macho yakifanya ukungu au uso ukivimba, njoo papo hapo," alisema.

Mama aliitikia vizuri sana. Lakini sare za shule zilirundikana mezani, na mama akiona kitambaa hakijashonwa, mikono humwasha.

Asubuhi moja Chiriku alimkuta akikanyaga cherehani kama anayekimbizwa.

"Mama, tupime."

"Leo jipime wewe," mama alisema akicheka. "Baba yako anataka namba tu, hataki kujua ni za mkono wa nani."

Chiriku naye alicheka, akajifunga mkanda. Namba zikatoka nzuri ajabu, akazisoma kwa sauti! Baba, aliyekuwa chumbani akinyoa ndevu, alizisikia akaanza kuimba. Chiriku akajisikia vibaya.

"Nitungie uzi, mwanangu," mama aliita. "Macho yananichezea. Naona sindano mbili, na kichwa kinagonga."

Chiriku alikumbuka onyo la mkunga. Siku zote mama alitunga uzi huku akipiga soga, bila hata kuinama. Alijua mama angekasirika, lakini aliogopa zaidi kumpoteza yeye na mtoto. Akakimbilia chumbani.

"Baba, zile namba ni zangu. Mama anaona sindano mbili."

Baba alitupa wembe. Alimkimbiza mama zahanati, shavu moja limenyolewa, jingine limejaa povu. Watu waligeuka kumtazama, naye hakujali.

Mkunga alipima, akaacha kutabasamu. Alimpa mama dawa ya kuzuia kifafa cha mimba na kumpeleka hospitali bila kuchelewa. Huko alilazwa, akatibiwa, na mtoto akazaliwa kabla ya siku zake, mdogo lakini mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

Mkunga alipokuja kuwaona, mama alimweleza yote, uso chini.

"Kipimo kinatusaidia tukikipa ukweli," mkunga alisema. "Wewe ulikidanganya ukakaribia kuziacha hizo sare kwa fundi mwingine, na mwanao kwa mama mwingine. Chiriku naye alikosea, ila alisema mapema. Ndiyo maana leo mko wanne."

Mama alimvuta Chiriku kifuani, akalia kidogo, akacheka kidogo.