Lifti Iliyouliza Tena

"Waraka wa Ndani Kuhusu Lifti Kusimama Ghorofa ya Nne Pasipo Idhini ya Msimamizi." Hicho ndicho kichwa cha karatasi iliyobandikwa kando ya mlango wa lifti. Ofisa utawala aliyeiandika, ambaye jengo zima lilimwita Bwana Mihuri, aliisimamia asubuhi nzima utadhani lifti ingepita kuisoma.

"Sasa ikikaidi, utaipa barua ya onyo?" mwanamke mmoja alimtania, akipita na kikombe chake cha chai.

"Kwanza itajieleza kwa maandishi, dada. Taratibu ni taratibu."

Mwanamke huyo naye walimwita Mkalimani, na jina lilimkaa. Kampuni ilitengeneza vidhibiti vya lifti, na programu ya lifti huandikwa kwa lugha ya kusomwa na watu. Prosesa, ile akili ndogo iliyomo ndani ya kidhibiti, haielewi hata neno lake moja. Katikati yao husimama kompaila, programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa amri za prosesa. Na kwa kuwa kila aina ya prosesa ina amri zake na maringo yake, lazima awepo mtu wa kuifundisha kompaila kila ugeni unaoingia. Mtu huyo alikuwa yeye. Akishaifundisha, hukaa kusoma asembli, yaani amri zilizotoka, moja baada ya nyingine, kama mama mkwe anayekagua vyombo vilivyooshwa na mkaza mwana.

Programu ya lifti yenyewe iliandikwa na kaka yake.

Kaka alikufa mwaka uliopita, mchana kweupe, katika jengo hilohilo. Mlango wa ghorofa ya nne ulifunguka. Akaingia huku amegeuka nyuma kumjibu mtu aliyemtania. Chumba cha lifti hakikuwepo. Ripoti rasmi ilisema, "Mtumiaji hakuzingatia uwepo wa lifti," na Mkalimani, katikati ya machozi, aliona kwamba aliyeitunga sentensi hiyo alikuwa ameridhika nayo.

Kaka alikuwa amekataza jambo moja tu, kwamba programu ya lifti isibanwe. Kubana ni kuiamuru kompaila itupe kila inachokiona ni cha ziada, ili programu iwe ndogo na nyepesi. Hakueleza kwa nini. Alikuwa mtu wa kusema "msiguse" na kurudi kwenye chai yake. Kwa hiyo siku ya mazishi, dada mtu alimvuta pembeni mume wake, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa idara.

"Mlibana?"

"Hapana, mke wangu. Shemeji yangu yule! Ningekuficha kitu kama hicho?"

Akamwamini. Aliuliza mara moja, akapewa jibu, akalifungia moyoni, na usiku ule akalala begani kwake.

Sasa prosesa ya zamani ilikuwa imeacha kutengenezwa, na mpya iliyoletwa ilikuwa na kumbukumbu finyu kama roho ya mhasibu. Mume akaamua kwamba safari hii watabana, hakuna namna. Mkalimani alikubali, lakini akasema atasoma asembli yote kabla haijapakiwa kwenye lifti yoyote. Majengo mengi yalikuwa yakisubiri kidhibiti hicho, na kila jengo lina watu wanaoingia kwenye lifti huku wamegeuka nyuma.

Alisoma tangu asubuhi, ofisi imejaa watu, jua limejaa dirishani. Kila kitu kilikuwa shwari hadi alipofika sehemu ya mlango.

Soma kihisi. Kama chumba cha lifti hakijafika, rudi. Soma tena.

Kihisi ni kifaa kinachotambua kama chumba cha lifti kimefika, na hapakuwa na ubaya wowote katika amri hizo. Lakini kompaila inapotaja mahali pa kurudia, hutoa namba, haina ubunifu zaidi ya hapo. Hapa palikuwa na jina.

uliza_tena

Akalitafuta jina hilo katika programu ya kaka. Halikuwemo. Akalitafuta ndani ya kompaila. Halikuwemo. Akakumbuka kwamba kompaila nayo ni programu, imezaliwa na kompaila nyingine, na inaweza kurithi maradhi ya mama yake. Akaijenga upya kwenye mashine nyingine, kwa kompaila ya ukoo mwingine kabisa. Akaitafsiri programu tena.

uliza_tena

Utotoni, alipokuwa akileta nyumbani jibu la kwanza alilopewa na mtu yeyote, kaka alikuwa akimgeuza mabega na kumrudisha mlangoni. "Uliza tena, mdogo wangu." Lakini kaka alizikwa kabla prosesa hii haijatengenezwa. Hakuwahi kuiona amri yake hata moja.

Ili kulinganisha, aliiamuru kompaila iibane programu ileile kwa ajili ya prosesa ya zamani, ile iliyokuwa ikiendesha lifti siku kaka alipokufa. Akafungua asembli yake.

Soma kihisi. Basi. Hapakuwa na kurudi.

Alikaa akiitazama mpaka chai ikapoa. Kompaila ilikuwa imefikiri kwa akili yake yote: humu ndani hakuna anayebadilisha jibu la kihisi, kwa nini niulize mara mbili? Haikujua kwamba huko nje kuna lifti inayopanda na kushuka. Programu ikibanwa, huuliza mara moja asubuhi, lifti ikiwa ipo, kisha huamini siku nzima kwamba ipo. Na mlango hufunguka.

Alikwenda ofisini kwa mume wake, akafunga mlango nyuma yake.

"Kuna kipande kimejiingiza kwenye asembli," alisema taratibu. "Kipo sehemu ya mlango."

"Kifute."

"Sijakueleza kinafanya nini."

"Kina jina la ajabu, si ndiyo? Kifute tu, mke wangu."

"Jina sijakutajia."

Mume alifuta kipaji cha uso, na chumba kilikuwa na ubaridi. "Twende chini kwa fundi," alinong'ona. "Tupakie, tumalize. Nimechoka na hicho kitu."

Waliingia kwenye lifti. Mkalimani alitazama sakafu kwanza, kama alivyozoea tangu msiba. Mlango ukajifunga. Wakaanza kushuka.

Ghorofa ya nne, ikasimama.

Mlango haukufunguka. Juu yake kitaa kidogo cha kihisi kiliwaka, kikazima.

"Bwana Mihuri hajatoa idhini," mume alisema, akajaribu kucheka.

Kitaa kikawaka. Kikazima. Mkalimani alikitazama, na akatambua mwendo wake. Soma. Rudi. Soma tena.

"Mlibana?" aliuliza.

"Tulishaongea hayo."

Kikawaka.

"Mlibana?"

"Hapana."

Kikawaka.

"Mume wangu. Mlibana?"

Nyuma yao, mahali ambapo palikuwa na ukuta tu, mtu alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi fupi, ya mtu anayegeuka kumjibu mwenzake. Hakuna aliyegeuka.

"Kinanifuata kwenye kila mashine," mume alinong'ona. "Kila ninachokifungua. Nakifuta, kinarudi."

"Mlibana?"

"Ndiyo."

Mlango ukafunguka. Ukumbi ulikuwa mtupu, na jua limelala sakafuni. Mkalimani alitoka. Alipogeuka, mume wake alikuwa bado ndani, macho yake kwenye kitaa, na mlango ukajifunga.

Alishuka kwa ngazi hadi chini. Fundi wa umeme, mtu mzima anayependa kuongea na nyaya kuliko watu, alikuwa amekaa kwenye stuli akipangusa bisibisi.

"Umepanda na kushuka ngazi zote hizo? Pole, dada."

"Nimepanda lifti."

"Lifti gani?" Fundi alinyanyua kitu kilichokuwa mezani, chenye nyaya zinazoning'inia. Kilikuwa kidhibiti. "Nimekitoa asubuhi, umeme nimeukata. Na chumba chenyewe hiki hapa, tazama."

Alitazama. Mlango wa chini ulikuwa wazi umeegemezwa kipande cha ubao, na ndani yake chumba cha lifti kilisimama gizani, kimya, na ndoo ya fundi katikati.

Miguu yake bado iliikumbuka sakafu ya lifti waliyoshuka nayo. Ilikuwa imara.

Walipanda mbio. Walimkuta mume kwenye ukumbi wa ghorofa ya nne, amepiga magoti, uso wake umegusana na mlango uliofungwa. Alikuwa akinong'ona. "Ndiyo. Nilibana." Ananyamaza kidogo, kama anayesikiliza. "Ndiyo. Nilibana." Ananyamaza. Kila mara baada ya ukimya uleule, haupungui wala hauzidi.

Bwana Mihuri alifika akihema, kalamu mkononi. Alisikiliza, akaandika, "Meneja kuzungumza na mlango wa lifti wakati wa saa za kazi," akasimama akiitazama sentensi yake. Kisha, kwa mara ya kwanza ambayo yeyote anaikumbuka, akaikata.

Mume bado anajibu, nyumbani kwa mama yake, mbele ya mlango wowote utakaofungwa. Kidhibiti kipya kimepakiwa katika majengo yote, kikiwa na kile kipande, na hakuna aliyethubutu kukifuta. Juzi Mkalimani aliandika kiprogramu cha kujumlisha namba mbili, kisicho na mlango wala lifti, akakitafsiri kwa prosesa ya aina nyingine kabisa. Kati ya amri za kujumlisha lilikuwemo jina lile.

Kilichotokea ni hiki. Mume aliibana programu ya lifti asubuhi ya siku aliyokufa kaka, ili iwapendeze wateja waliokuwa wakija kuitazama, na hakumwambia mtu. Mlango ukafunguka pasipo na lifti, na shemeji yake akaanguka, akafa. Kabla wachunguzi hawajafika, mume alirudisha programu ya zamani, isiyobanwa, akanawa mikono, akaenda kumfariji mke wake.