Nani Anampigia Nani

Ilikuwa siku ya punguzo la bei, na duka la vyombo vya umeme lilikuwa limefurika watu mpaka mlango wake wa kioo ulikuwa haufungiki. Watu walisukumana kwa viwiko, wauzaji walipayuka kwenye vipaza sauti kana kwamba nyumba inaungua. Katikati ya vurugu hiyo mwanamume mmoja mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka kama karatasi mpya, alikuwa ameweka mkono juu ya friji ndogo nyekundu, asije mtu akamnyang'anya.

"Usinunue hiyo," sauti ya mwanamke ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamke alikuwa mfupi, amevaa gauni la zambarau lililomkaa vizuri kiunoni na raba nyeupe miguuni, nywele amezifunga kwa kitambaa cha njano. Wala hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anaitazama friji.

"Kwa nini, dada? Ina kasoro?"

"Una karatasi?"

Akampa tangazo la duka. Mwanamke akalibana mlangoni mwa friji, akafunga, kisha akalivuta kwa vidole viwili. Likatoka bila ubishi.

"Umeona? Mpira wa mlango umelegea. Baridi yote itatoka nje. Unataka kuweka nini humo?"

"Maji ya wateja. Mimi ni kinyozi."

"Basi wateja wako watakunywa maji ya kuogea."

Kinyozi akacheka mpaka watu wakageuka. "Na wewe ni nani mwenzangu, fundi?"

"Natunza chanjo." Akaeleza harakaharaka, kama mtu aliyezoea kuulizwa: ghala la hospitali, maelfu ya vichupa, na vyote lazima vikae kati ya nyuzi mbili na nane, mchana na usiku, la sivyo vinamwagwa. Huku akieleza alitoa kipimajoto kwenye mkoba, akakitumbukiza ndani ya friji nyingine iliyokuwa imewashwa kwa maonyesho. "Chukua hii. Hii haidanganyi."

Kinyozi aliichukua. Akaomba na namba ya simu, maana ikiharibika atamwita nani? Haikuharibika. Alipiga hivyohivyo, jioni ileile.

Miezi minane ikapita. Kinyozi akamwita mwanamke huyo Nyuzi, kwa sababu ya nyuzijoto zake. Nyuzi naye akamwita Mkasi. Kila asubuhi Mkasi alipiga simu kabla hajafungua duka.

"Nyuzi wangu, umeamkaje?"

"Nne nukta mbili."

"Nimekuuliza wewe, sikuuliza friji."

"Na mimi niko hapohapo. Baridi kidogo."

"Njoo nikupashe."

"Shika adabu yako, Mkasi, niko kazini."

Kazini alikuwepo daima. Miaka sita hakuwa amechukua likizo, mpaka bosi wake akachoka, akamwandikia barua ya siku kumi na kumwambia kwa mdomo kwamba akionekana kabla ya hapo mlinzi atamrudisha getini. Mkasi aliposikia habari hiyo alifunga duka lake siku kumi zilezile, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipolifungua. Wangekwenda kwenye mji mdogo alikoishi mama yake, kando ya ziwa. Nyuzi angelala nyumba ya wageni, Mkasi angelala kwa mama, na siku ya Jumatano angempeleka mchumba nyumbani kwa chakula cha mchana.

"Mama sijawahi kumpelekea mwanamke," alimwambia ndani ya basi. "Nitampelekea mmoja tu. Usinifanye nionekane mjinga, mpenzi."

"Nitakuwa mtoto mzuri."

"Na simu?"

"Simu ni ya kazi, Mkasi. Wakinipigia nifanyeje?"

Sasa tuseme ukweli. Kwa siku nne za mwanzo simu ya Nyuzi haikulia hata mara moja kutoka kazini. Yeye ndiye aliyepiga. Ghalani joto husomwa na kuandikwa mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, na zikikaribia saa hizo Nyuzi alianza kutokwa jasho viganjani. Wakiwa wanatembea kando ya maji, ghafla angechomoa simu kana kwamba imetetema, asogee pembeni, mgongo amempa mwenzake. Angemuuliza msaidizi wake joto ni ngapi. Angeuliza kama mlango umefungwa. Angeuliza kama mlango umefungwa kweli. Kisha angerudi akipumua kama mtu aliyeonewa.

"Hawajui hata kuwasha taa bila mimi. Wananipigia mpaka nachoka."

Alipenda jinsi maneno hayo yalivyosikika. Mtu anayepigiwa ni mtu muhimu. Mtu anayepiga mara tano kuuliza mlango ana tatizo, na tatizo lile Nyuzi hakutaka kulitazama usoni.

Mkasi alimwonea huruma. "Watu gani hawa wasio na haya," alinung'unika, akamnunulia maji, akamsugua mabega. Naye hakuwa mtakatifu. Kila mwanamume aliyepita mbele yao alimkagua kichwa. "Ona kisogo cha yule, kachongwa kama kiazi. Nikimpata dakika kumi tu!" Nyuzi alicheka sana, na kwa dakika hizo alisahau ghala. Zilikuwa dakika nzuri.

Jumatano ikafika. Nyuzi alivaa gauni la kijani lenye mikono mirefu, hereni ndogo, na viatu vya kisigino ambavyo havikuwa vyake bali vya dada yake. Mama wa Mkasi alikuwa mwanamke mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Alimtazama mgeni kutoka visigino mpaka hereni, akasema, "Viatu vinakubana mwanangu, vua," na Nyuzi akavivua kwa shukrani. Mambo yakaanza vizuri. Walikula, wakacheka. Ikasimuliwa jinsi Mkasi alivyomnyoa mbuzi wa jirani akiwa na miaka saba.

Halafu mama akatulia. Akaanza kusimulia siku mumewe alipofariki, jambo ambalo, Mkasi alijua, mama yake huwa halisemi mbele ya wageni. Alisema jinsi alivyomkuta amekaa kitini, ameshika kikombe, akadhani amesinzia. "Nikamwambia, mzee, chai inapoa. Nikamgusa bega..."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika moja. Nyuzi alishaitazama saa ya ukutani mara nne.

"Samahani, Mama," alisema, tayari amesimama, simu mkononi. "Kazini. Wananisumbua kweli."

Akatoka pekupeku hadi barazani. Mama alibaki na mkono hewani, pale ulipokuwa ukionyesha alivyoligusa bega la mumewe. Kisha akaushusha.

"Kazi gani hiyo isiyo na mtu mwingine?" alimuuliza mwanawe. Hakumaliza ile habari.

Mkasi alihisi uso unamwaka. Hasira yake yote iliwaendea watu wa ghalani. Katika simu yake kulikuwa na namba ya yule msaidizi, kwa sababu siku moja Nyuzi aliishiwa chaji akaiazima kumpigia. Alingoja Nyuzi arudi ndani, akapitia mlango wa jikoni, akasimama uani na kupiga.

"Dada, samahani, mimi ni mwenzake bosi wako. Naomba mmwache apumzike. Yuko likizo. Mnampigia asubuhi, mnampigia mchana, hata chakula cha mama yangu hali! Ninyi watu mna roho gani?"

Upande wa pili kalamu iliwekwa mezani. Kisha msaidizi akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka mpaka mifupani, "Kaka yangu, nisikilize. Sisi hatujampigia hata siku moja. Tunaomba yeye ndiye atuache."

Waliagana na mama kwa adabu zote. Njiani kuelekea nyumba ya wageni, jua bado liko juu, Mkasi aliongea bila kumtazama.

"Tangu Jumamosi, amekupigia nani?"

"Watu wa kazini. Nimeshakuambia."

"Nimeongea nao."

Nyuzi akasimama. "Umefanya nini?"

"Nimempigia msaidizi wako kumgombeza. Nimemgombeza mtu asiye na kosa, kwa ajili ya uongo wako."

"Umepiga simu kazini kwangu? Bila kuniambia? Unajua watu watanichekaje? Mimi ni mkuu wa ile idara, Mkasi! Siyo mtoto wa shule wa kuombewa ruhusa!"

"Na mama yangu je? Alikuwa anakueleza habari ambayo hata dada zangu hawajaisikia yote. Ukamwacha na mkono hewani, ukaenda kuuliza friji hali."

"Hujui chochote kuhusu lile ghala."

"Hujawahi kunieleza. Kila siku namba tu. Nne nukta mbili, tano nukta moja. Mimi nilidhani ni utani wetu, kumbe ndipo ulipo, huko. Huku umemleta nani?"

Nyuzi alikunja mikono kifuani. "Kama nakuaibisha, sema niondoke."

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

Asubuhi Nyuzi alipanda basi la kwanza peke yake. Mkasi alifika kituoni, akasimama mbali, hakupunga mkono. Wote wawili walikuwa na makosa, na kila mmoja alikuwa akihesabu la mwenzake.

Nyuzi hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hospitalini na sanduku lake la nguo. Mlinzi, aliyeagizwa amrudishe, alicheka, akampisha. Msaidizi alikuwa mezani, amevaa koti zito la kuingilia chumba cha baridi, anaandika. Alipomwona hakusimama.

"Shikamoo. Una likizo mpaka Jumatatu."

"Marahaba. Nipe daftari."

Alipewa. Kurasa zilikuwa safi, asubuhi na alasiri. Akafika Jumanne na kidole chake kikagota. Umeme ulikatika saa saba na nusu mchana. Jenereta lilikataa kuwaka. Chanjo zote zilihamishiwa kwenye masanduku ya barafu, zikarudishwa saa kumi na moja. Joto la juu kabisa: sita nukta nane. Hakuna kilichoharibika.

"Jumanne saa tisa nilikupigia," Nyuzi alisema polepole. "Ukaniambia tano."

"Ilikuwa tano. Ndani ya sanduku."

"Kwa nini hukuniambia umeme umekatika?"

"Ningekuambia, ungefanya nini huko ziwani? Ungenipigia kila baada ya dakika mbili. Mimi nilihitaji mikono yote miwili, dada." Msaidizi akafunga kalamu yake. "Najua yaliyokupata. Kila mtu hapa anajua."

Nyuzi akakaa juu ya sanduku lake. Miaka sita iliyopita alichukua likizo ya siku tatu kwenda harusi ya dada yake. Mfanya usafi alichomoa waya wa friji kubwa ili achomeke mashine ya kung'arisha sakafu, akasahau kuurudisha. Nyuzi aliporudi, mikono bado ina hina, alisaini karatasi ya kuteketeza chupa elfu moja na mia mbili. Wanawake waliobeba watoto mgongoni walikuwa wamepanga foleni nje, na yeye ndiye aliyetumwa kuwaambia warudi nyumbani.

"Wakati ule ulikuwa peke yako," msaidizi alisema. "Leo nipo mimi. Miaka mitatu niko hapa na hujaniamini siku moja nzima. Unafikiri hainiumi?"

"Inakuuma?"

"Sana. Nakuheshimu, ndiyo maana napokea. Lakini ukipiga, namba nakusomea wewe, siisomei chanjo."

Nyuzi alimtazama mwanamke huyo kama anayemwona kwa mara ya kwanza: mweusi chini ya macho, vidole vimepasuka kwa baridi. "Nisamehe," alisema. Halafu akasema tena.

"Nimekusamehe. Sasa ondoka, naingia chumba cha baridi."

Basi la kurudi lilimfikisha kesho yake adhuhuri. Alitembea hadi kwa mama akiburuta sanduku, amevaa raba zake nyeupe. Uani alikuta wanaume watano kwenye benchi, wanangoja. Mkasi alikuwa katikati yao na mashine mkononi, shuka limefungwa shingoni mwa jirani.

Wakatazamana.

"Uko likizo, Mkasi?" Nyuzi aliuliza.

Mkasi aliitazama mashine kana kwamba mtu ameipachika mkononi mwake. "Huyu... kisogo chake kilikuwa kinanikosesha usingizi."

"Na hao wanne?"

"Wamekuja wenyewe."

"Au umewaita?"

Wanaume wa benchi wakacheka. Mkasi alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Alizima mashine, akamwacha jirani nusu kichwa, akamsogelea.

Nyuzi alimweleza yote palepale, mbele ya watu: ile harusi, ule waya, wale akina mama kwenye foleni. "Siku ile nilikuwa nacheza ngoma wakati friji imezimwa. Tangu hapo nikicheka sana nahisi kuna kitu kinaharibika mahali. Hata nikicheka na wewe. Nilidanganya kwa sababu nilikuwa naona aibu."

"Na mimi nisingepiga simu ile nyuma yako," Mkasi alisema. "Ningekuuliza wewe kwanza."

"Ungeniuliza, ningedanganya tena."

"Labda. Lakini ningekuuliza." Akamshika mkono. "Nataka kukuoa, Nyuzi. Nataka na hofu yako uje nayo, ila niijue. Usinifichie pembeni."

"Kama mnaoana, oaneni," mama alisema kutoka mlangoni. "Kama mnaachana, achaneni. Jirani yangu ana nusu kichwa na chakula kinapoa."

"Tunaoana, Mama," alisema Nyuzi. "Ukikubali. Na juzi nilikukosea."

"Ulinikosea, ndiyo. Ingia ndani."

Alikula. Mkasi alimaliza kisogo cha jirani, akawafukuza wale wengine, akaja kukaa karibu naye barazani. Saa tisa ilipokaribia viganja vya Nyuzi vilianza kulowa, kama kawaida. Alivifuta kwenye gauni. Vikalowa tena.

"Nataka kupiga," alisema.

"Kuna tatizo?"

"Hakuna. Yupo mtu, na anajua kazi kuliko ninavyotaka kukubali. Naogopa tu."

Mkasi hakumwambia asiogope, wala hakumwambia apige. Alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Haya," alisema. "Tuogope wote wawili."