Kwa Nini Chiriku Anazimia

Mama Chiriku alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Aliyaanika, akayapiga pasi, akayakunja, na kesho yake yaleyale yakarudi machafu. Mgongo ulimuuma tangu asubuhi, na jioni miguu ilimvimba. Mtu akimuuliza habari za leo, alijibu, "Ndiyo hivyo tu, tunasukuma siku."

Chumba cha kazi kilijaa mvuke. Katikati palikuwa na meza kubwa ya mbao ya kupigia pasi. Binti yake wa miaka saba alipenda kukaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa meza, akipanga foronya. Mtoto huyu alizaliwa kiziwi. Jina la Chiriku alilipata kwa baba yake, kwa sababu alipokuwa mchanga alipiga kelele kutwa. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba hasikii. Walipokuja kujua, jina lilikuwa limeshamkaa.

Sasa utamwitaje mtoto asiyesikia, na wewe mkono umeshika pasi ya moto? Wao walikuwa na njia yao. Walipiga meza ngumi. Puu! Mbao zilitetemeka, mtoto akasikia mtetemo mgongoni, akageuka. Mama alipiga, baba alipiga, bibi alipiga kwa fimbo yake. Walijiona wajanja kweli! Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto kila mara aliruka kama aliyemwagiwa maji baridi.

Asubuhi moja bibi, mama yake baba, alitaka kuletewa kiti. Akaipiga meza fimbo kwa nguvu zake zote. Chiriku alishtuka, akainuka nusu, akaanguka chini mzimamzima. Macho yaligeuka. Midomo ikawa rangi ya majivu.

Mama aliacha pasi, akampakata. "Chiriku! Mwanangu! Chiriku!" Alimwita kana kwamba mtoto anasikia, maana wakati kama huo nani anakumbuka? Baada ya muda kidogo mtoto alivuta pumzi, akafungua macho, akawatazama kama mtu aliyetoka usingizini.

"Ameanza michezo yake," bibi akasema. "Ukimtuma tu, anazimia. Mbona akipewa peremende hazimii?"

"Mama, hii ni mara ya tatu."

"Na mara zote alikuwa anatumwa. Deko hilo! Mnamlea kama yai."

Kusema kweli mama alikuwa amechoka kiasi cha kutamani bibi awe sahihi. Mtoto wa deko unamgombeza, unarudi kwenye mashuka yako. Na mara ile ya pili, yeye mwenyewe alimgombeza Chiriku na kumfinya sikio.

Kulikuwa na jambo jingine lililomtesa. Daktari wa masikio alikuwa ameshawashauri wampime mtoto vinasaba, ili wajue chanzo cha uziwi wake. Bibi aliposikia alipiga makofi. "Vizuri! Sasa tutajua damu mbovu imetoka upande gani. Maana kwetu sisi hakuna kiziwi." Tangu siku hiyo mama alikwepa kwenda. Mara mashuka ni mengi, mara mvua. Lawama alikuwa amezipata za kutosha. Eti alibeba ndoo nzito akiwa mjamzito. Eti alivuta harufu ya dawa za kufulia. Hakutaka na hospitali nayo imwongezee.

Baba Chiriku, dereva wa lori, alirudi jioni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mke wake alimweleza. Akakaa kizingitini, kiatu kimoja mkononi.

"Kesho twende kwenye hicho kipimo," akasema.

"Na wakisema ni mimi?"

"Ni wewe nini?"

"Mwenye damu mbovu."

Mume alipumua kwa nguvu. "Mama Chiriku, mimi sitafuti mwenye kosa. Nataka mtoto wangu asianguke tena. Basi."

Hospitali walipokewa na mshauri wa vinasaba. Kazi yake ni kuwaeleza watu habari za kipimo hicho kabla ya damu kuchukuliwa, na majibu yakitoka. Alikuwa mama wa makamo. Viatu alikuwa amevivua chini ya meza, maana naye alikuwa amehudumia watu tangu alfajiri.

"Karibuni, poleni kwa kusubiri," akasema. "Nitauliza maswali mengi, mnivumilie. Uziwi una sababu nyingi. Kuna homa ya uti wa mgongo, kuna baadhi ya dawa kali, kuna kuzaliwa kabla ya wakati. Na kuna unaotokana na vinasaba. Je, mtoto aliwahi kuugua sana?"

"Hapana."

"Ana ndugu kiziwi?"

"Hapana."

"Aliwahi kuzimia?"

Mama alimtazama mume wake. Kliniki ya masikio hawakuwahi kulitaja hilo. Wao walikwenda kwa ajili ya masikio, kuzimia kunahusu nini?

"Ana deko kidogo," mama alianza, kisha sauti ikakatika. "Hapana, dada. Si deko. Anazimia. Akishtuka tu, anaanguka. Na siku moja nilimwadhibu kwa hilo."

Mshauri aliweka kalamu chini. "Umefanya vizuri sana kuniambia," akasema. Akatoka mbio kwenda kumwita daktari wa moyo, na viatu akaviacha palepale.

Siku hiyohiyo Chiriku alilazwa kitandani, akabandikwa kifuani nyaya za kupima moyo. Kipimo hicho hakiumi. Mtoto alicheka, zilimtekenya. Lakini daktari wa moyo hakucheka.

"Moyo ukishapiga, lazima ujichaji kidogo ndipo upige tena," aliwaeleza wazazi. "Wa binti yenu unachelewa kujichaji. Akishtuka, au akikimbia sana, mapigo yanavurugika. Damu haifiki kichwani, anaanguka."

"Na asipoamka?" baba aliuliza.

"Inaweza kutokea. Ndiyo maana anaanza dawa leo, hatungoji majibu ya damu."

Mama alishika ukuta. Siku zote zile walikuwa wakimpigia meza mtoto wao!

Damu ilichukuliwa, ya mtoto na ya wazazi wote wawili, ikapelekwa maabara. Majibu yalichukua wiki kadhaa. Siku ya kuyafuata, bibi alisema lazima naye aende. "Nikasikie kwa masikio yangu," akasema, akajitanda khanga mpya kabisa.

"Haya, damu mbovu ni ya nani?" aliuliza hata kabla hajakaa sawa.

Mshauri alitabasamu kwa uchovu. "Hakuna damu mbovu, mama. Vinasaba ni maagizo ya kuujenga mwili na kuuendesha. Kila agizo tunalo mara mbili, nakala moja ya mama na moja ya baba. Kuna agizo moja linalotumika sikioni na kwenye moyo pia. Kwa Chiriku, nakala zote mbili zina hitilafu. Mkwe wako anayo moja yenye hitilafu, na mwanao vilevile anayo moja. Nakala nzima iliyobaki inawatosha kusikia vizuri, kwa hiyo wasingeweza kujua."

"Kwa hiyo kila kiziwi ana ugonjwa wa moyo?" baba aliuliza.

"La, la. Ni wachache sana. Wengi uziwi wao unaishia sikioni tu. Na wapo tunaowapima tusipate jibu. Ila mtoto kiziwi anayezimia, asingoje. Aletwe haraka. Na mkizaa mwingine, njooni apimwe. Mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuwa hivi."

"Ndoo nilizobeba?" mama aliuliza polepole.

"Hazihusiki."

"Na dawa za kufulia?"

"Hazihusiki. Hukumfanya chochote, dada."

Mama alilia. Alilia bila aibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo na sasa ndiyo anausikia uzito wake. Bibi alichezea pindo la khanga.

"Kaka yangu alikuwa anasikia vizuri tu," bibi akasema hatimaye. "Siku moja alikuwa anakimbia, akaanguka. Hakuamka. Hatukujua ni nini."

"Pole, mama. Siwezi kusema kama ni jambo hilihili. Lakini hata nakala moja yenye hitilafu wakati mwingine inasumbua moyo. Ninyi nyote mtapimwa moyo."

Bibi alinyoosha mkono, akaushika wa mkwe wake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuonea."

Nyumbani mambo yalibadilika. Hakuna tena kupiga meza. Anayemtaka Chiriku anakwenda mbele yake, anapunga mkono. Wote walianza kujifunza lugha ya alama pamoja naye, bibi akikosea na kucheka mwenyewe. Vidonge ni kila siku, bila kuruka. Mbio za mashindano na kuogelea, hapana, mpaka daktari aruhusu. Dawa nyingine yoyote haimezwi kabla daktari hajaulizwa. Na mwalimu wake shuleni alifundishwa la kufanya akianguka: kuita msaada haraka na, asipoamka wala kupumua, kumkandamiza kifua.

Mchana mmoja Chiriku alikuwa anapita chini ya kamba ya kuanikia. Kamba ikakatika. Mashuka yote, maji yanachuruzika, yakamwangukia kichwani, akafunikwa kabisa.

Mama aliona. Beseni lilimponyoka. Lile fungu jeupe lilitulia kwenye tope. "Mungu wangu," alisema, "mwanangu."

Kisha shuka likatikisika. Mkono ukatoka, halafu kichwa, nywele zimelowa, uso umekunjwa kwa hasira. Chiriku akatoa mikono yote miwili, akasema kwa alama: Unanitazama nini? Njoo unitoe!

Mama alimtoa. Alimkumbatia mpaka mtoto akajinasua. Mashuka yalikuwa yamejaa tope, yote, ya kufuliwa upya toka mwanzo. Mama Chiriku aliyaokota moja moja, akayarudisha kwenye maji, akafua mpaka jioni, huku akicheka peke yake.