Sitaki Neno la Kutoshea

"Cute! Ati cute! Kwani mimi ni paka?"

Hivyo ndivyo Muthoki, rafiki yangu tangu chuo, alimpigia mpenzi wake Kweyu kelele jana mchana hapa Kware, mbele ya saluni ya Mama Mumo. Watu wakasimama. Mi nilikuwa na githeri moto mkononi, ikapoa!

Kweyu huchora kuta. Walijuana hapo hapo, Muthoki akitoka kusukwa. "Sistangu, simama kidogo, hiyo shingo naitaka ukutani." Akasimama wiki tatu! Sasa picha imeisha. Kulia kwa mlango ni Muthoki, mweusi ti, nywele za matuta mapya, dera ya njano. Kushoto ni msichana mweupe wa kutoka kwa kalenda. Chini ya mweupe Kweyu ameandika Beautiful. Chini ya Muthoki, Cute.

"Babe, Beautiful haikutoshea. Upande wako ukuta ni mfupi, halafu inaanza bucha ya watu."

"Na Pretty?"

"Hiyo ni ya kadi ya bathdei."

"Hot?"

"Na vile mama yako hupitia hapa akienda kanisa?"

Muthoki hakucheka. "Tangu nasari naitwa cute, Kweyu. Ndiyo wanakupea wakishindwa kusema mweusi ni mrembo. Sitaki neno la kutoshea."

Akaenda, akamblock.

Jioni, tukiwa kwangu hapo juu ya saluni, simu yangu ikalia. "Mourine, shemeji, nipee Muthoki." Nikaweka spika, kwani nikose?

"Sweetie, toka nje."

"Kuna nini?"

"Toka tu!"

Tukashuka orofa nne mbio, Muthoki na leso na slipas. Kweyu yuko ukutani, juu ya ngazi yake ya rangi. Cute amefuta. Ameandika Beautiful, herufi kubwa kushinda za yule mweupe, imemaliza saluni, imeingia mpaka juu ya dirisha la nyama!

"Wewe! Huo ni ukuta wangu!" Nyongesa wa bucha, kisu mkononi.

"Nitakupakia rangi bucha yote, mzee, lakini hii haitoki!" Kisha, mbele ya foleni ya nyama: "Muthoki, Jumapili nakuja kwenu. Na wazee."

"Shuka kwanza."

Akashuka. Muthoki akamshika kola, rangi mbichi na yote. "Kuja. Lakini mbele ya mamangu hutaandika. Utasema na mdomo."

Kweyu akaisema hiyo Beautiful hapo hapo, mara tatu, kwa sauti, na foleni nzima ikapiga makofi.

Nyongesa? Wee! Mvua imeanza na nguo zangu ziko kwa kamba. Ya Nyongesa niulizeni kesho, nikikauka.