Mkunga wa Maji ya Chumvi

Jua lilikuwa linashuka nilipotoka kutafuta maji ya kumwoshea mwanangu Mugabo. Ziwa Kivu lilikuwa limemrudisha mchana ule, siku mbili baada ya kuzama. Nilitaka azikwe kabla ya giza. Bomba la mtaa wetu lilikuwa kavu.

Mwanamke nisiyemjua alisimama njiani na dumu la njano. Kitenge chake kilidondosha maji.

"Pole, Baba Mugabo. Kamata hii maji. Ni ya kuosha mutoto."

"Umemjulia wapi?"

"Kule chini," alinong'ona. "Kwenye samaki hawafikake."

Nilidhani ni majonzi yanayomsemesha. Nikapokea.

Nyumbani, Kagabo, mwosha maiti wa msikiti wetu, akammwagia maji yale. Harufu ikapanda... Nilikulia Tanga. Naijua bahari. Nikalamba kidole.

Chumvi.

"Kagabo, ngoja..."

Lakini alikwisha kuliminya tumbo polepole, kama tunavyowafanyia maiti wetu.

Tumbo likasogea.

Kichwa cheusi kikatoka mdomoni mwa mwanangu. Macho makubwa, meno kama sindano. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Wa kilindini, wale ambao wavuvi wa Tanga huwatupa bila kuwagusa. Akamdaka Kagabo vidole viwili.

Kra! Vikakatika, damu ikaruka.

"Piga, muzee! Piga tu!" Kagabo akalia.

Nikanyakua mchi wa kinu uliokuwa pembeni. Mkunga akajivuta ndani, koo la Mugabo likafura. Nikapiga koo. Kifua kikafura. Nikapiga kifua. Nikasikia mbavu zikivunjika, za mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusema Bismillahi.

"Baba... unaniumiza."

Ilikuwa sauti yake.

Nikapiga tena.

Kisha kimya. Hakuna kilichosogea. Tukamfunga sanda haraka, tukamzika na chochote kilichokuwa ndani yake, jua likizama upande wa Kongo.

Mke wangu Rayhana alikuwa nyuma ya pazia tulipokuwa tunamwosha. "We ulimusikia?" aliniuliza usiku.

"Ni Kagabo aliyelia," nikamjibu. Mungu anisamehe.

Yule mwanamke sijamwona tena, wala simtafuti. Kinachoninyima usingizi ni mikono yangu. Ilikuwa imelowa damu hadi viwikoni, na damu ile ilikuwa ya moto. Maiti wa siku mbili hana damu ya moto.

Kila nikisujudu, naomba damu ile yote iwe ilikuwa ya Kagabo.