Vijiti vya Diwali kwenye Jiko la Shem

Shem alikuwa mchoma nyama katika Soko la Kenyatta, na shida yake ya kila asubuhi ilikuwa kuwasha makaa. Siku hiyo alijiona ana bahati. Jana yake mkewe, Naliaka, alikuwa amekwenda kufua nguo kwa mwajiri wake Parklands. Huko Wahindu walikuwa wamesherehekea Diwali na kurusha fataki, na uani kukajaa vijiti virefu vyenye mirija ya karatasi. Naliaka aliviokota. Kuni za bure, nani ataziacha? Nusu akampa mumewe, nusu akaweka nyumbani.

"Hizi zilishaungua," alisema. "Ni kuni tu."

Basi Shem akasukuma vijiti chini ya makaa, akawasha, akapuliza.

Fyuuu! Kitu kilichomoka jikoni kikitema cheche. Kilimpita mteja wake, Muthama, karibu na sikio, kikaingia saluni ya jirani. Pa! Wanawake wakatoka mbio wakipiga mayowe, wengine na vitana vichwani. Shem akajitupa chini ya meza. Mtu mzima!

"Wewe! Umeturushia bomu?" Muthama alifoka.

Mwanamke mmoja alitoka saluni, nywele zimesukwa upande mmoja tu. Alikuwa Munyiva, mwalimu wa fizikia.

"Hakuna aliyeumia," alisema. "Na hilo si bomu. Ni roketi. Umeitoa wapi?"

Shem akamweleza.

"Ziko zingine?"

Shem akashika kichwa. "Nyumbani! Mke wangu anapikia hizo!"

Akapiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Mteja hapatikani.

"Mungu wangu, mtoto wangu!"

Hasira zikamwisha Muthama. "Ingieni kwa pikapu yangu, haraka!"

Wakashika Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, alikoishi Shem. Njia nzima Shem alikuwa akiomba kwa sauti, wala hakuona haya.

Walimkuta Naliaka amebandika maharagwe. Jiko lilikuwa limekolea moto. Anita, mtoto wao mdogo, alikuwa amekaa mkekani. Kati yake na jiko palikuwa na karai lililojaa ile mirija ya karatasi.

"Nilivunja vijiti, nikawashia," Naliaka alisema, akishangaa wageni. "Hizi nimeziweka hapo zikauke. Kwani kuna nini?"

Ala! Shem alimnyakua mtoto, akatoka naye mbio. Munyiva akamvuta Naliaka nyuma, akachukua ndoo ya maji ya kufulia, akaimwaga yote kwenye karai. Naliaka aliposikia yaliyotokea sokoni, alikaa chini pu, akalia.

"Karibu nimuue mtoto wangu kwa mkono wangu," alisema.

"Hukujua, mama," Munyiva alimwambia. "Ndani ya mrija kuna baruti. Ikishika moto, moshi unatoka nyuma kwa nguvu, na roketi inakwenda mbele. Ni kama puto ukiliachilia kabla ya kulifunga. Kijiti kinainyoosha. Ukikivunja, itaruka popote."

"Nani alitengeneza kitu ya hatari hivi?" Shem aliuliza. Alikuwa bado amemkumbatia mtoto.

"Wachina, zamani sana. Walijaza baruti kwenye mianzi. Baadaye Wahindi wakatumia mirija ya chuma vitani. Halafu wataalamu wakaacha baruti, wakatia mafuta ya kimiminika, na roketi zikafika mwezini. Hata hapa kwetu, Waitaliano walizirusha kutoka baharini, karibu na Malindi. Moja ilibeba setilaiti iliyoitwa Uhuru."

"Kenya hii?" Muthama alishtuka upya.

"Kenya hii. Lakini sikilizeni. Fataki ambayo haikulipuka haijafa. Usiiokote, usiivunje, usiipeleke karibu na moto. Weka watoto mbali. Mwenye kuirusha aimwagie maji mengi na kuiacha ilowe."

Mwaka uliofuata, kabla ya Diwali, Naliaka mwenyewe alimweleza mwajiri wake hayo yote. Asubuhi baada ya sherehe alikuta ndoo za maji uani, na fataki mbovu zote zimelowa ndani yake. Hakugusa hata kijiti. Shem naye sasa huwashia magunzi ya mahindi.

Munyiva alipokuja kusukwa, alipita kununua nyama.

"Mwalimu," Shem alimuuliza, "ulisema roketi zilifika mwezini?"

"Zilifika."

"Basi zikae huko huko!"