Punje Mbili za Mwalimu Projest

"Dafroza! Tuletee tunda moja la kahawa. Teua lililoiva barabara!"

Sauti ya Mzee Byarugaba ilimkuta binti yake jikoni akimenya ndizi, kisu kikamponyoka. Mwalimu Projest alikuwa sebuleni, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi, na baba alikwisha kusema kwamba amekuja kwa jambo la ukoo. Jambo gani la ukoo, kama si posa?

Tangu mwaka uliopita, 1985, Projest alikuwa akimfundisha Kiingereza kila alasiri, apate kufaulu usaili wa uuguzi. Alimwandikia daftari zima la maneno yanayofanana sura na kutofautiana roho, kila jozi na ukurasa wake, na katika kila mfano alitia jina la Dafroza. Mapenzi yao hakuyajua mtu. "Ngoja mavuno," Projest alikuwa akimwambia, "nitamleta mshenga."

Na sasa ni Julai, buni zimetanda mikekani kote Ihanda. Dafroza akakimbilia mibunini, akachuma tunda jekundu, akaliweka juu ya kisahani, akaingia ameinamisha macho.

Alipoyainua aliona wembe.

Kaka yake Yustus na Projest walikaa wakitazamana, matumbo wazi, kila mmoja ana chale moja karibu na kitovu. Mzee Byarugaba alilibinya lile tunda, zikatoka punje mbili. Akaipaka punje ya kila mmoja damu ya mwenzake.

"Mezeni. Tangu leo tumbo lenu ni moja. Projest, wewe uliyezaliwa Kyerwa ukabaki yatima, leo una baba. Yustus ni ndugu yako, na huyu Dafroza ni dada yako wa damu. Ukimdhulumu, punje hii ikuvimbie tumboni."

"Amina, baba," Projest akajibu, akameza.

Dafroza alimfuata nje, penye mkeka wa buni.

"Nani aliyetaka kuchanjiana?"

"Ni mimi niliyemwomba Yustus."

"Uliujua mwiko wake?"

Projest akaishika baiskeli yake.

"Mwalimu, nakuuliza. Uliujua?"

"Dafroza, tuyaache. Kaka haoi dada yake. Sikukuacha mimi, ni mila iliyotutenga."

"Mila ilikufuata kwako? Wewe ndiwe uliyeiendea kwa miguu yako! Na tunda nimelichuma mimi, kwa mkono huu!"

"Shusha sauti, Yustus atasikia."

"Athanasi alileta mshenga mara mbili, nikamkataa kwa ajili yako."

"Athanasi ni mtu mwema. Mwite arudi."

Akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Sababu ilikuja kwa barua baada ya majuma matano. Mzee Byarugaba aliisoma kwa sauti, uso umejaa furaha:

"Baba yangu mpendwa, shikamoo. Nimepata mchumba, Celestina, binti wa Mzee Polikarpi, mkaguzi wa elimu. Mzee huyo hamtoi binti yake kwa mtu asiye na ukoo. Nakuomba usimame kama mzazi wangu, na Yustus kama ndugu yangu."

Dafroza akafahamu. Kwa wembe mmoja Projest alikata mambo mawili: alimtoa yeye njiani, na akajipatia ukoo wa kwenda nao ukweni.

"Nawe utakuja, mwanangu," baba akasema. "Polikarpi ni mtu wa kale kama mimi. Hatoi jibu mpaka amuulize dada wa mposaji."

"Baba, niache nyumbani."

"Dada akikosekana, watasema kaka ana ila."

Siku tatu Dafroza hakula vizuri. Akisema, atamwaibisha baba yake mbele za watu, na siri yake itakuwa mazungumzo ya kila kilabu cha pombe ya rubisi. Akinyamaza, atakuwa ameitia sahihi dhuluma aliyotendewa, na kumtoa binti wa watu awe kafara ya ukimya wake. Na ushahidi ni amana; anayeuficha, moyo wake mwenyewe humshitaki. Asubuhi ya safari alilifunga daftari ndani ya kanga.

Nyumbani kwa Mzee Polikarpi, Nyakahanga, salamu zilikwisha, kahawa ya kutafuna ikazungushwa. Mwenyeji akamgeukia Dafroza.

"Mwanangu, kwetu mwanamume hujulikana kwa dada yake. Kaka yako akiahidi, hutimiza?"

Projest akacheka kidogo. "Mzee, dada yangu ana haya, hajazoea..."

"Sikukuuliza wewe, Mwalimu."

Dafroza akapiga goti, akalitoa daftari.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni dada yake wa majuma sita. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wake. Naomba jibu langu lisomwe kwa mwandiko wake."

"Dafroza, lete hilo daftari!" Projest aliinuka.

"Kaa," Polikarpi akasema, akavaa miwani. "'House ni kuta na bati. Home ni pale Dafroza atakaponipikia hadi uzee wangu.'" Akakohoa, akafunua. "'Wait ni kungoja tu, hata basi hungojwa. Hope ni kungoja kwa moyo. Dafroza, nitumainie, mavuno yakiisha namleta mshenga.'"

Sauti ya kike ikatoka nyuma ya pazia.

"Soma na tarehe, baba."

"Tarehe kumi Mei, mwaka huu."

Celestina akatokeza, barua mkononi.

"Tarehe kumi Mei aliniandikia hii. Home ni ile ile, na mpishi anapika hadi uzee ule ule. Jina tu ndilo limebadilika. Kumbe, Mwalimu, somo lako ni moja kwa madarasa mawili!"

Akaivua saa aliyopewa na Projest, akaiweka juu ya meza.

Yustus alisimama, amekunja ngumi.

"Kaa, Yustus!" Mzee Byarugaba akanguruma, machozi yakimlenga. "Huwezi kumpiga. Mmemeza tunda moja. Ole wangu, wembe niliushika mimi."

"Wazee wangu," Projest akasema, "najuta. Mungu ananiona, najuta."

Polikarpi alifunua ukurasa wa mwisho.

"Hapa umeandika mwenyewe: 'Regret ni uchungu wa aliyepoteza. Repent ni uchungu wa aliyegeuka.' Leo umepoteza, Mwalimu. Kugeuka, bado sijakuona."

Akamrudishia Dafroza daftari kwa mikono miwili.

Walirudi kupitia migombani. Nyuma yao viatu vikasikika vikikimbia, na Projest akamfikia Dafroza, shati jeupe limelowa jasho.

"Nisikilize. Undugu huu wazee wanajua kuufungua. Nitawaangukia. Nitakuoa, naapa!"

Dafroza akasimama. Kwa mwaka mzima alikuwa ameyangoja maneno hayo, nayo yalikuja siku ambayo hakuna mlango mwingine uliobaki wazi kwa aliyeyasema.

"Ulimwomba baba undugu, akakupa. Baki nao."

"Dafroza..."

"Niite dada."